Maneno Niliyowekewa

Simu ililia alfajiri ya Jumapili moja ya mwezi wa Novemba 2021, saa ambayo huku Uingereza bado ni giza na kule pwani jua limekwisha kupanda. Namba niliitambua kuwa ya nyumbani kwa tarakimu zake za mwanzo tu. Aliye ughaibuni, simu ikimlilia saa kama hiyo, huanza kuwahesabu wazee wake kabla hajaipokea. Haikuwa habari ya msiba. Ilikuwa sauti ya bibi mmoja ambaye sikuwa nimemsikia kwa miaka minane. Aliitikia shikamoo yangu kwa upole uleule wa zamani, akaniuliza hali ya watoto, akaniuliza baridi, akaniuliza kazi, na baada ya hayo yote akasema, “Mwanangu, ulinambia itakuwa siri.”

Bibi huyu alikuwa miongoni mwa wanawake niliowahoji mwaka 2010 katika mji mmoja wa pwani, nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamivu. Mji wenyewe sitautaja, na katika masimulizi haya nimebadilisha mambo mawili matatu ambayo sitasema ni yapi. Utafiti wangu ulihusu kanga. Si biashara yake wala historia ya viwanda vyake, bali namna wanawake wanavyosemezana kwayo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na kwamba jina ndiyo yale maandishi yenyewe. Anajua pia kwamba mwanamke anaweza kununua doti, akaivaa siku fulani, akapita mbele ya mlango fulani, na asiwe amesema lolote. Akiulizwa atajibu kwamba alipenda rangi.

Alichonieleza bibi ni hiki. Mwaka 1987, katika harusi ya jirani, alivaa kanga ambayo jina lake lilikuwa kali hata likazungumzwa mtaani kwa miezi. Watu wote waliamini kwamba amemvalia shoga yake mmoja waliyekosana juu ya fedha za upatu. Shoga mwenyewe aliamini hivyo, akajibu kwa kanga yake, na urafiki ukaishia hapo. Kumbe bibi alikuwa amemkusudia mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee wa kiume, aliyeingia nyumbani miezi mitatu tu kabla yake, na ambaye siku hiyo alikuwa uwani akipakua pilau wala hakuhisi kitu. “Nilimpiga asiyehusika,” bibi alinambia, “na niliyemkusudia akaniletea maji ya kunawa.” Tulicheka sana. Kabla ya kulisema hilo aligeuka akautazama mlango wa kuingilia ndani, kwani mkamwana huyo huyo, sasa mama mtu mzima, alikuwa jikoni. Kwenye daftari langu niliandika kwamba aligeuka akautazama mlango, kwa kuwa tulifundishwa kuandika kila tunachokiona. Sikujua nimeandika nini.

Tasnifu ilipokamilika mwaka 2013, bibi alikuwa “Msailiwa wa 7”. Nilimweleza kuwa ni mjane wa fundi cherehani, mwenye miaka sitini na kitu, aliyevaa kanga yenye jina fulani katika harusi ya mwaka fulani. Jina lake nililiondoa. Jina la kanga nililiacha, maana hilo ndilo lililokuwa utafiti wangu. Katika mji ambao watu husahau nani alifariki mwaka gani lakini hawasahau nani alivaa kanga gani kwenye harusi ya nani, nilikuwa nimefuta kitambulisho kidogo kuliko vyote na kukiacha kile kikubwa, tena kwa herufi za mlazo.

Chuo kiliiweka tasnifu kwenye hazina yake ya mtandaoni. Niliulizwa kama nataka isomwe na kila mtu au na wanachuo tu, nikachagua kila mtu, na sikusita. Nilikuwa nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba maarifa ya Afrika hufungiwa makabatini Ulaya. Miaka minane baadaye kijana mmoja, mtoto wa binti wa bibi, akiwa masomoni Uturuki, aliandika jina lile la kanga kwenye kisanduku cha kutafutia. Alimwona bibi yake. Akafurahi. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba kijana hakuwa na ubaya wowote: aliona nyanya yake ameingia kwenye kitabu cha Ulaya, akaupiga picha ukurasa ule kabla hajaumaliza kuusoma, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mkamwana yumo kwenye kundi hilo. Kiingereza anakijua vizuri. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Na ndiye anayemuuguza bibi sasa, ndiye anayempa dawa zake na kumshika mkono kwenda msalani, kwa kuwa macho ya bibi yamekwisha.

Nilirudi kwenye makaratasi yangu siku ileile. Kila aliyehojiwa alikuwa ametia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Kiingereza chake kilipitiwa na kamati ya maadili kwa majuma kadhaa, kikarudishwa kwangu mara mbili kwa ajili ya neno moja moja. Kiswahili chake hakikupitiwa na mtu, kwani katika kamati hiyo hapakuwa na anayekijua. Nilitakiwa tu nithibitishe kwa saini yangu kwamba tafsiri ni sahihi. Kiingereza kiliahidi mambo mawili tofauti, kwamba majibu ya msailiwa yatakuwa “confidential”, na kwamba data zake zitahifadhiwa kwa namna ambayo ni “anonymous”. Kiswahili changu kilisema: “Majibu yako yatakuwa siri, na habari zako zitahifadhiwa kwa siri.” Nikathibitisha.

Nimefundisha tafsiri kwa zaidi ya miaka kumi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea sentensi hiyo leo ningeizungushia wino mwekundu. Maneno hayo mawili ya Kiingereza hayakutani hata kidogo. Kwa la kwanza, aliyeambiwa anamjua vyema aliyesema, ila amefunga kinywa. Kwa la pili hakuna anayejua nani kasema, au ikiwa mtafiti anajua, basi ameifuta njia ya kumrudia. La kwanza ni ahadi ya mtu, la pili ni hali ya karatasi. Mimi nilitekeleza la pili, tena vibaya, nikadhani nimetimiza la kwanza. Bibi alipokuwa akinisikiliza, alisikia la kwanza peke yake. Angewezaje kusikia jingine? Alikuwa ameketi nami mkekani, ananijua kwa jina la ubini, anamjua mama mkubwa wangu. Kutokujulikana ni jambo ambalo halikuwepo kabisa katika uwa ule.

Kuna jozi nyingine ambayo wazungumzaji wa Kiingereza huitumia bila kuifikiria, nayo ni “secret” na “private”. Wanachofanya mke na mume chumbani kwao ni cha pili bila kuwa cha kwanza, maana hakuna asiyekijua na bado hakimhusu mtu. Zamani tofauti hizi zilikuwa za wanasheria na mapadri. Siku hizi zimekuwa vitufe. Mtu hupewa simu ya mkononi, na ndani yake kila kivuli cha maana kina mlango wake: pa kufungua kwa nenosiri, pa kupangia faragha, pa kuingia kwa hali fiche. Wafasiri waliogeuza simu hizo kuwa za Kiswahili walilazimika kuyatenganisha maneno ambayo sisi wengine tulikuwa tumeyarundika katika kapu moja, na ingawa tunapenda kuwacheka, nakiri kwamba kwa jambo hili walikuwa makini kuliko mimi na shahada zangu.

Lakini hata wao hawakuweza kuizuia “siri” isibadilike mikononi mwao. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu walijifunza maana mpya ya neno hilo: tarakimu nne ambazo hupaswi kumwambia mtu yeyote, si wakala, si mume, si mtoto uliyemzaa. Hiyo ni siri isiyo na mjuzi mwingine. Siri ya kale haikuwa hivyo. Wazee husema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siri ilikuwa na wawili siku zote, mwenyewe na mwenzake anayeingia na kutoka ndani yake bila kusema. Ndiyo maana tuna mtunza siri, tuna msiri, tuna kuambizana siri. Siri isiyoambiwa mtu pwani ni kinyongo tu, au ugonjwa. Bibi aliponipa siri yake hakunipa tarakimu nne. Alinifanya kata.

Na faragha? Nililiona neno hilo kuwa ndilo kimbilio la mfasiri mwangalifu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, katika haki zilizoingizwa mwaka 1984, inazungumzia haki ya faragha, na siku hizi hakuna tovuti isiyo na sera yake ya faragha. Asili yake ni neno la Kiarabu la uwazi na utupu, nafasi isiyo na kitu. Kwa Kiswahili tulichonacho katika faragha ni mahali na wakati: watu huenda faragha, huitana faragha, huzungumza faragha, kisha hurudi. Nyumba ya pwani imejengwa juu ya fikra hiyo. Baraza ni la wapita njia, ukumbi wa wageni, uwani pa wanawake, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo unavyozidi kuaminiwa. Siku ile bibi aliniinua barazani akanipeleka uwani. Faragha alikwisha kunipa kwa miguu yake. Hakuna sera iliyokuwa inatakiwa kunieleza hapo. Kilichokosekana ni jina la lile nililokuwa nadaiwa baada ya kutoka uwani na daftari langu mkobani.

Jumatatu niliandikia chuo kilichonipa shahada, nikaomba sura ya tano ifungwe. Walinitumia fomu ya kielektroniki. Palikuwa na swali moja lenye majibu matatu ya kuchagua: je, lalamiko linahusu “privacy”, “confidentiality” au “data protection”? Mtu aliruhusiwa kutia alama moja tu. Nilikaa mbele ya vile visanduku vitatu kwa muda ambao ungetosha kupika wali. Mwishowe nilichagua cha tatu, kwa sababu sheria za Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 zimekipa meno, na kweli sura ilifungwa kabla juma halijaisha, bila maswali. Picha ya ukurasa kwenye simu za ukoo mzima haikufungwa na mtu.

Hicho kisanduku cha tatu kilinirudisha kwenye neno ambalo katika fomu yangu nililiita “habari”. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 inaliita “taarifa binafsi”. Wakenya, ambao sheria yao ni ya mwaka 2019, aghalabu huandika “data” na kuendelea na safari. Nawahurumia wote. Data kwa asili ya Kilatini ni vitu vilivyotolewa, vilivyopewa mtu. Mwanasayansi anayetumia neno hilo amekwisha kukubali, kabla ya swali la kwanza, kwamba alichopokea ni chake. Amepewa. Na fomu zote za ridhaa zimesimama juu ya msingi huo: weka sahihi hapa kwamba umetoa, kisha sisi tutaahidi namna tutakavyokitumia tulichopewa.

Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, kutoa na kuweka. Akupaye shati lake amekupa shati, liuze ukitaka. Akuwekeaye shati lake hajakupa kitu, amekupa kazi. Ulinde usije ukaliwa na panya, usilivae, na siku akirudi ulirudishe likiwa limekunjwa. Kitu hicho kinaitwa amana. Na “confidential” ya Waingereza, ukiifuata mpaka mizizi yake ya Kilatini, haina uhusiano wowote na kuficha. Imetokana na imani, na kumwamini mtu. Tulikuwa na neno lenye shina lilelile la fikra, lililokaa nasi kwa karne nyingi, na mimi nililiruka nikaokota “siri” kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono. Siri humwelemea mwenye nayo, kwani akiitoa, imetoka. Amana humwelemea aliyeipokea.

Lililonitia aibu zaidi ni kwamba hili nilifundishwa nikiwa na miaka tisa. Pwani neno chuo lina maana mbili, nami nimevisoma vyote viwili, na ni kile cha kwanza, cha mkeka na juzuu, ambako mwalimu alitueleza mafundisho ya Mtume kwamba mtu akikwambia jambo huku akigeuka kuangalia kama kuna anayesikia, basi jambo hilo ni amana kwako, hata kama hakukwambia usiseme. Kugeuka kwake kumetosha. Nimelikumbuka fundisho hilo nikiwa na daftari la mwaka 2010 mbele yangu, limefunguliwa kwenye mstari unaosema: ametazama mlango.

Nimeanza tangu hapo kuwaambia wanafunzi wangu waandike “maneno yako ni amana kwetu” pale fomu inapotaka “confidential”, na “jina lako na mambo yatakayokutambulisha hayataandikwa” pale inapotaka “anonymous”. Hawakubaliani nami wote, na wana hoja. Mwanafunzi mmoja aliyekulia Muscat katika nyumba ya Waswahili alinikumbusha kwamba Waarabu wenyewe, ambao tulichukua amana kwao, katika fomu zao za leo huandika neno linalotokana na siri, na akauliza kwa adabu kama ninataka kuwa Mwarabu kuliko Waarabu. Mwingine alisema kwamba kwa kijana wa Dar es Salaam amana ni fedha zilizopo benki, na kwamba benki haizifungii kabatini, huzikopesha. Hoja hiyo imenikaa kooni. Wa tatu alitetea “usiri”, ambao sasa umeenea kwenye nyaraka za mashirika. Huo siukubali. Usiri ni siri ileile iliyovalishwa koti la ofisini, na koti halimfanyi mtu kuwa mwaminifu.

Ugumu ninaoujua mimi wala hawakuutaja. Amana hurudishwa mwenyewe anapoitaka. Bibi akisema leo, nirudishie maneno yangu, nitamrudishia nini? Naweza kuifunga sura, naweza kuzichoma kanda, lakini nilipewa shahada kwa maneno yale, na kwa shahada ile nilipewa ajira, na kwa ajira hii ninalipa nyumba ninamoandikia haya. Nimeivaa ile nguo miaka yote hii. Na hata sasa, kwa kuyaandika haya, sina hakika kama nimetoka kwenye kosa au nimerudi humo kwa mlango wa uwani. Bibi nilimsomea rasimu kwa simu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinitoa sehemu mbili, akanirekebisha moja, na kuhusu zilizobaki akasema niandike.

Nilimpigia tena mwezi wa Mei mwaka uliofuata, baada ya Idi. Siku zile za Novemba nilikuwa nimemwomba radhi mara nyingi mno, hata akanikataza. Alisema radhi ikikaririwa huwa kama ankra. Safari hii nilimuuliza lile nililokuwa naliogopa, hali ya nyumbani ikoje. Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba mkamwana wake, tangu siku ya ile picha, hajasema neno. Chai inakuja saa ileile, dawa zinakuja saa ileile, mkono wa kumshika upo. Hakuna kilichopungua na hakuna kilichosemwa, na hilo, alisema, linamchosha kuliko ugomvi.

“Ila siku ya Idi,” aliendelea, “alivaa doti mpya. Akaja kunipa mkono, akakaa karibu yangu, akanishikisha pindo nione kitambaa kilivyo kizuri. Mimi macho sina. Nikamwita mjukuu nikamwambia nisomee jina.”

“Imeandikwa nini, bibi?”

Nilisikia sauti ya kiti, kisha mlango ukisukumwa taratibu mpaka ukafunga.

“Hiyo, mwanangu,” alisema, “sikwambii.”